Mbu wa Kwenye Shuka Jeupe

Katika maandishi ya maofisa wa kikoloni wa Uingereza kuna kisa kimoja kilichopendwa mno. Bwana afya anafika kijijini jioni na gari la sinema, anatundika shuka jeupe, anawasha mashine yake, na mbu anayeeneza malaria anatokeza mbele ya watu akiwa mkubwa kuliko ng'ombe. Picha inapokwisha, mzee mmoja anasimama, anamshukuru mgeni kwa adabu zote, kisha anasema kwamba maradhi hayo hayawezi kuwafika wao, maana mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kilisimuliwa kuhusu Afrika Mashariki, Magharibi na Kusini, na kila msimulizi alidai kilitokea katika eneo lake, jambo linalotosha kututia shaka kama kiliwahi kutokea popote. Lakini kiwe kweli au uzushi, kilifanya kazi kubwa. Kiliwapa wenye mamlaka sababu ya kusema kwamba mwanakijiji hajui kusoma picha, kwa hiyo apewe picha chache, za polepole, zisizomtaka afikiri sana. Makala haya yanadai kinyume chake. Historia ya kuwaeleza wananchi sayansi katika mwambao wetu, hasa katika nchi hii ya Wazaramo inayoanzia Pugu, ikapita Kisarawe na Kibaha hadi vijiji vya ndani kama vya Marui, inaonyesha kwamba macho ya watu hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza. Kila nafasi hiyo ilipotolewa, picha ya kisayansi iligeuka kuwa elimu. Iliponyimwa, ilibaki kuwa tamasha la usiku mmoja.

Tuanze na huyo mzee, kama aliwahi kuwapo. Alichokisema ni swali la kisayansi lililovaa vazi la shukrani. Picha iliyokuzwa imevunja uhusiano kati ya kitu na ukubwa wake, na anayeionyesha ana deni la kueleza amekikuza kitu hicho mara ngapi, kwa chombo gani, na kwa nini. Mbu aina ya anofelesi hana urefu wa hata sentimita moja. Vimelea anavyovibeba ni vidogo kiasi cha kuishi ndani ya chembe nyekundu ya damu. Minyoo ya safura waliokomaa hufikia takriban sentimita moja, na mtu anaweza kuwaona bila hadubini, lakini mayai yao hayaonekani, na viluwiluwi wanaopenya ngozi ya mguu mtupu ni wadogo kuliko punje ya mchanga. Mtu anayeonyeshwa vitu hivi vyote vikiwa na ukubwa mmoja juu ya shuka moja amenyimwa habari iliyo muhimu kuliko zote. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na methali hiyo inafaa kwa dunia ya macho matupu. Dunia ya hadubini ina sharti lake: mwenye macho huko lazima aambiwe anatazama nini, tena aambiwe na mtu aliye tayari kuulizwa.

Kabla ya sinema yalikuwapo magazeti. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana na wanafunzi wao walianza kuchapisha Msimulizi katika chuo chao cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja. Chuo hicho ndicho kilichohamishiwa Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920, na hivyo moja ya chemchemi za uandishi wa Kiswahili uliopigwa chapa ilihamia jirani kabisa na vilima vya Pugu. Wakati wa Wajerumani yakafuata Kiongozi la Tanga na Pwani na Bara la Walutheri, na mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Magazeti haya yalibeba maarifa ya kilimo, afya na jiografia, na yalikuwa na hazina ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni barua na tungo za wasomaji. Msomaji wa Mambo Leo alijua kwamba anaweza kujibu. Hata hivyo walioweza kusoma walikuwa wachache, na elimu iliyozaliwa hapahapa haikurudi kwa wenyeji. Robert Koch, bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alifanya utafiti wake wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, safari fupi tu kutoka Kisarawe. Alichokiona kwenye hadubini yake kiliandikwa kwa Kijerumani na kujadiliwa na wataalamu wa Ulaya. Watu walioishi na homa hiyo miaka yote hawakuwa sehemu ya mazungumzo.

Sinema ilikuja na ahadi ya kuruka ukuta wa kusoma na kuandika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, baadhi zikihusu safura na malaria ya watoto wachanga, kisha wakazizungusha kwa lori kutoka Tanganyika hadi nchi jirani. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye sahani za gramafoni na kupigwa sambamba na picha. Tuwatendee haki watu hawa, maana walipiga picha zao humu nchini, wakawatumia waigizaji wa humu, na wakaamini kwamba mkulima anastahili kuelezwa chanzo cha ugonjwa wake. Lakini tazama muundo wa kazi yenyewe. Sauti imefungwa kwenye sahani, na sahani haisikii swali. Lori linaondoka asubuhi. Hakuna kitabu kinachobaki, hakuna kikao kinachofuata, na waliotazama wanaachwa wabishane wenyewe bila mtu wa kuwajibu.

Ndipo kikazuka kisa cha pili, mashuhuri zaidi. John Wilson, aliyefanya kazi ya filamu za elimu Afrika, alisimulia mwaka 1961 kuhusu filamu ya kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Walipoulizwa wameona nini, watazamaji walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama mna kuku katika filamu yao. Walipoikagua picha baada ya picha, wakamkuta kweli, akikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisa hicho kilichukuliwa na Marshall McLuhan wa Kanada katika kitabu chake cha mwaka 1962, kikazunguka vyuo vya dunia kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma hawezi kuiona picha nzima. Ukitafakari kwa makini, ushahidi huu unaelekea upande mwingine kabisa. Wanakijiji walikiona kitu ambacho mpiga picha, mhariri na bwana afya hawakukiona, ingawa filamu ilikuwa yao. Jicho lililozoea kulinda mbegu juani humwona kuku kabla ya kuona ndoo. Kama mtazamaji alimtaja kuku na hakutaja maji, kosa ni la aliyepanga picha bila kujua nini kitavuta macho ya watu wake, na la aliyeondoka bila kuuliza kuku huyo amewaambia nini.

Uhuru ulipokuja, lugha ya taifa jipya ilikuwa vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kibaha ikawa mahali ambapo lugha hiyo ilijengewa majengo. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha pale Tumbi kituo kikubwa cha elimu, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Ndani ya eneo moja palikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo kwa wakulima. Mpangilio huo una hoja ndani yake. Mkulima aliyekuja kujifunza kilimo bora alipita karibu na mahali damu inapopimwa, na mwanafunzi wa biolojia aliweza kuona kwamba minyoo ya kitabuni ndiyo iliyomleta mgonjwa zahanati. Sayansi iliyokuwa ikipita usiku na lori sasa ilikuwa na anwani. Hata hivyo kituo kimoja hakiwezi kufika kila kijiji. Umbali kati ya Tumbi na vitongoji vya Marui, kwenye mihogo na mikorosho ya ndani ya Kisarawe, ulihitaji njia nyingine.

Njia hiyo ilipatikana mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa tayari imejaribu vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni za Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako na Wakati wa Furaha. Sasa ikaelekeza nguvu kwenye malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, vitabu takriban milioni moja vilichapishwa kwa Kiswahili chepesi, na watu wapatao milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 hivi. Kwa wiki kumi na mbili kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kiongozi akasoma somo kwa sauti ili asiyejua kusoma asibaki nyuma, kisha ukafuata mjadala: je, tatizo hili lipo kwetu, linasababishwa na nini, na sisi tutafanya nini? Matokeo yalionekana ardhini. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa, mashimo ya maji machafu yakafukiwa, na vichaka kando ya nyumba vikafyekwa.

Ukiitazama kampeni hii kwa jicho la mwandishi wa sayansi, kinachostaajabisha ni uhafifu wa picha zake. Redio haina picha hata moja, na michoro ya kitabu ilikuwa ya wino tu, isiyoweza kushindana na mbu mkubwa kuliko ng'ombe. Lakini mchoro wa kitabu una sifa ambazo filamu ya Vugiri haikuwa nazo. Unakaa nyumbani, unafunguliwa tena kesho, unawekwa kando ya kitu chenyewe na kulinganishwa nacho. Mchoro wa konokono anayebeba kichocho unaweza kushikwa mkononi kwenye kijito, karibu na konokono halisi, na mtoto akauliza kama ndiye huyu au ni mwingine. Juu ya yote, mchoro huo ulizungukwa na watu waliopewa wakati wa kuzungumza na wajibu wa kuamua. Kwa hiyo kilichotofautisha mwaka 1935 na mwaka 1973 hakikuwa ubora wa picha wala akili ya watazamaji. Tofauti ilikuwa kwamba mtazamaji alikuwa amegeuka mjumbe wa kikao.

Atatokea wa kupinga aseme kwamba vyoo vilichimbwa kwa sababu serikali ya chama kimoja ilitaka vichimbwe, na kwamba mjadala ulikuwa pambo. Hoja hii ina uzito, nasi tusiikwepe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata watu wengi walihamishwa kwa nguvu, wa mkoa wa Pwani wakiwamo. Katika mazingira hayo si rahisi kutenganisha aliyeelewa na aliyeogopa. Lakini amri ya kuchimba vyoo haikuwa ngeni. Tangu enzi za ukoloni watu waliamriwa kuchimba, na kilichobakia mara nyingi kilikuwa shimo la kumwonyesha mkaguzi. Kama shinikizo peke yake lingetosha, kampeni ya redio isingehitajika. Mtu anaweza kulazimishwa kuchimba choo, lakini hakuna askari wa kumsimamia mtoto asiende haja kwenye mgomba usiku. Jambo hilo hutegemea mama na baba wanaojua kwa nini udongo wenye kinyesi ni hatari kwa mguu mtupu. Tena kampeni ilijengwa juu ya msingi mpana wa kisomo cha watu wazima, na kufikia mwaka 1975 idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani amekwisha kubali kwa hiari yake kuwa mwanafunzi, na utayari huo hauletwi na amri.

Pingamizi la pili ni chungu zaidi, kwa sababu limetoka mkoa huuhuu. Mwaka 1977, miaka minne tu baada ya Mtu ni Afya, kipindupindu kililipuka Rufiji na kuenea nchini. Kama watu walikuwa wameelimika, kwa nini wakafa kwa ugonjwa wa kinyesi na maji? Sehemu ya jibu ni kwamba elimu si maji safi. Mtu wa delta ya Rufiji anaweza kujua kila kitu kuhusu vijidudu na bado akawa na mto uleule wa kuchota. Ni dhuluma kumhukumu mwanafunzi kwa bomba ambalo hakujengewa. Sehemu ya pili ya jibu inatuhusu sisi tunaoandika. Vikundi vilipangiwa wiki kumi na mbili. Kampeni zilizofuata zilikuwa na mada nyingine, Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980, na kwa afya hakukuwa tena na baraza la kudumu la kijiji ambapo ugonjwa mpya ungeweza kuletwa, kuchorwa na kujadiliwa. Nafasi ya kuuliza ilifunguliwa, ikafungwa. Kuanguka huko hakuipingi hoja yangu. Kunaipa mpaka na kuidai iendelee mbele zaidi: kikao cha sayansi kinahitaji kudumu kama zahanati inavyodumu.

Wapo pia wataalamu wanaohofia kwamba ukimfungulia kila mtu mlango wa maswali unawakaribisha wazushi, na kwamba ukweli wa kisayansi haupigiwi kura. Ni kweli haupigiwi kura. Wanakijiji wote wa kata moja wakikubaliana kwamba malaria inaletwa na embe mbichi, vimelea havitabadili tabia. Lakini kuuliza si kupiga kura, na wahenga walikwisha sema kuuliza si ujinga. Uvumi hustawi pale ambapo mtu ana swali lenye haki na hana wa kumjibu. Hulipeleka kwa yeyote aliye tayari, na tapeli huwa tayari siku zote. Wakazi wa Pwani wanalijua hili kwa njia nyingine pia, kwa kuwa Bagamoyo ilikuwa moja ya vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Mzazi anayetoa ridhaa mwanawe achomwe sindano ya majaribio hafanyi hivyo kwa kuonyeshwa picha nzuri. Anafanya hivyo baada ya kuuliza, akajibiwa, akauliza tena. Maadili ya utafiti yanamtambulisha kama mtu mwenye haki ya kuelewa. Kwa nini haki hiyo imtoke pindi anapogeuka msomaji wa gazeti?

Leo picha hazihitaji lori. Mapema mwaka 2020 dunia nzima ilikifahamu kirusi cha korona kwa picha moja: tufe la kijivu lililochomoza miiba myekundu. Ilichorwa na Alissa Eckert na Dan Higgins wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Ni kazi ya uangalifu iliyofuata umbo la kweli, lakini rangi zake zilichaguliwa na wachoraji. Kirusi hicho kina kipenyo cha kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kidogo kuliko wimbi la mwanga linaloonwa na macho yetu, kwa hiyo hakina wekundu wala ukijivu. Kueleza hivyo hakupunguzi imani ya msomaji; kunamfanya awe mshirika anayejua picha ilivyotengenezwa na kwa kusudi gani. Wengi walioipokea kwenye simu zao hawakuambiwa neno juu ya hilo. Shuka jeupe limekuwa dogo, likaingia mfukoni, na kasoro ya mwaka 1935 imeingia nalo, ya picha kubwa isiyo na wa kuulizwa.

Na bado mahali hapa pana kila kinachohitajika ili kufanya vizuri zaidi. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu madimbwini. Viluwiluwi humeza chembe za sumu zinazotengenezwa na bakteria hao, utumbo wao ukaharibika, nao wakafa, ilhali binadamu na mifugo hawadhuriki. Ni habari inayoomba picha ya kupendeza: kiluwiluwi kabla na baada, kilichokuzwa, chenye kipimo pembeni. Mwandishi atakayeiandika kwa Kiswahili, akataja amekikuza mara ngapi, akaeleza kwa nini bakteria huyo hamdhuru mbuzi anayekunywa maji hayohayo, kisha akahakikisha makala yake yanasomwa kwa sauti mahali ambapo mhudumu wa afya wa kijiji yupo kujibu, atakuwa ameendeleza kazi bora kuliko zote zilizowahi kufanywa katika fani hii nchini. Halmashauri zinazonunua dawa hiyo kwa fedha za umma zingetenga sehemu ndogo ya fedha hizo kwa vitabu na vikao, zingepata wananchi wanaojua madimbwi yao yalipo na wanaoripoti viluwiluwi vinaporudi. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa kila picha ya kisayansi tunayoichapisha: tuhesabu maswali iliyoleta na majibu tuliyotoa, ndipo tuseme kama tumefundisha.